Msalaba Nyuma ya Mlingoti

Mlingoti wa bendera waliuchimbia mbele ya kaburi la baba yangu. Sisemi walikusudia. Uwanja wa shule ile ulikuwa bonde, masika maji yalituama mpaka vyura wakahamia, na penye mwinuko palikuwa mahali pamoja tu, kule pembeni tulikomzika baba nyuma ya nyumba yetu. Nyumba yenyewe ilikwisha kuvunjwa. Zama zile za Ujamaa ardhi ilikuwa mali ya umma, mtaa ulihitaji shule, sisi tukapewa kiwanja ng'ambo ya barabara, wala hatukunung'unika. Mama alibeba maji ya kufyatulia matofali ya shule hiyo kama wanawake wenzake. Kaburi tuliambiwa litabaki, halimsumbui mtu.

Kisha shule ikafunguliwa. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimesimama barabarani na sare yangu ya sekondari, nasubiri basi la kwenda mjini, watoto wakapangwa mstari kuimba wimbo wa taifa. Bendera ikapanda. Nikatazama, nikatazama tena. Chini ya bendera, sawia kabisa na mlingoti, ulisimama msalaba wa baba, wa mninga, mweupe kwa rangi ambayo mama aliipaka kila Pasaka, na watoto wote wa mtaa walikuwa wameukazia macho, mikono wameibana ubavuni kama askari. Nilijua palepale kwamba hili halitapita salama.

Mtaa wetu ulikuwa kule Temeke inakoishia, upande wa Mtoni, minazi na mikorosho bado ni mingi kuliko nyumba. Wenyeji walikuwa Wazaramo, Waislamu tangu enzi za mababu. Wa kuja tulikuwa watu wa kusini, Waislamu kwa Wakristo, na Wanyamwezi kama wazazi wangu, waliobatizwa hukohuko bara kabla ya kuja kutafuta kazi. Baba alikuwa kuli bandarini. Mwezi wa Ramadhani tuliletewa futari, Krismasi tulipeleka pilau, na penye shughuli yoyote aliyechinja alikuwa Mwislamu ili kila mtu aweze kula. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kusemwa. Ndiyo maana nilishangaa mno, na uzee huu bado nashangaa, jinsi tulivyoharibikiwa upesi.

Wiki haikuisha. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tukichota naye maji alimwambia mama, bila hata salamu, "Wanetu tumewaleta kusoma, siyo kuusujudia msalaba wenu." Mama alicheka, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Jumapili mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema msalaba ule ukitoka, kesho watakuja kung'oa na wa juu ya paa la kanisa. Watu wakaitikia kwa kishindo, watu ambao baba alipokuwa mgonjwa hata uji hawakumletea! Nami nilikuwa mle ndani, nimeshika kitabu changu cha nyimbo, najiuliza lini baba yangu aligeuka kuwa mtu wao hivi.

Siku chache baadaye, nikirudi kutoka shuleni, nikakuta juu ya nguzo ya bomba la maji la shule kumefungwa mwezi wa bati na nyota yake. Ulikuwa umekatwa vizuri kwa mkono wa fundi, unametameta. Niliduwaa. Nikamwuliza mtu wa kwanza aliyepita, "Kaka, nani kaufunga huu?"

Akanijibu, "Na ule wenu kaufunga nani?"

Kaka huyo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alinishika tandiko, akikimbia nyuma yangu, mchana kutwa, mpaka nikajua. Nilimtazama akienda zake na sikuamini kama ni mdomo uleule.

Katibu kata akaitisha mkutano. Alikuwa kijana mpole, mgeni mtaani, mwenye kalamu mbili mfukoni, na nadhani alitamani angepelekwa kata nyingine. Mimi niliwahi kunyoosha mkono. Nikauliza kwa hasira, "Kwa nini msiuhamishe mlingoti?" Watu wakaguna, maana binti hakutakiwa kuanza.

"Dada yangu, bendera ya taifa haimpishi mtu," akasema. "Serikali haina dini. Nyie wenye dini mnayo makanisa yenu na misikiti yenu. Hapa ni pa wote. Kaburi litabaki, hatufukui mtu. Ila alama zote mbili zitoke. Zisipotoka, Jumamosi mgambo watakuja kuzitoa."

Hakukosea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Laiti angekuwa mjinga ningemtukana nikalala vizuri. Lakini maneno yake yalikuwa sawa neno kwa neno, na bado yalikuwa yanaelekea kwa baba yangu na sururu mkononi.

Mama akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Akajifunga kanga kiunoni kwanza, kisha akasema, "Kaburi lisilo na alama ni tuta la viazi. Mwaka huu watoto watalikwepa. Mwakani watalikalia. Mwaka wa tatu watakuwa wanacheza mpira juu ya kifua cha mume wangu. Mkiutoa msalaba, nitajuaje kichwa chake kiko wapi?" Akamgeukia mzee wa kanisa naye, "Na wewe usinishangilie. Sipiganii kanisa. Namtaka mume wangu asipotee." Akakaa.

Sasa niseme habari za mzee mmoja. Alikuwa jirani yetu tangu nyumba ya zamani, Mzaramo, msukaji wa makuti ya kuezekea, na mjumbe wa nyumba kumi zetu. Msikitini hakukosa safu ya mbele. Na alikuwa mtani wa baba.

Vijana wa leo wanaujua utani wa mpira tu. Utani wa makabila ulikuwa na meno. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani hukutukana nawe usikasirike. Akichukua kitu chako huendi polisi, unakwenda kukikomboa. Na penye msiba ndiye mwenye kazi: huchimba kaburi, humwigiza marehemu, huwachekesha wafiwa wapende wasipende. Siku ya kumzika baba, jeneza likiwa ukingoni, mzee yule aliruka akajilaza kaburini, akajinyoosha, akaweka mikono kisogoni. "Hapa pamenikaa," akasema. "Mnyamwezi mtafutieni pengine, kazoea kulala juu ya magunia." Katekista alifunga kitabu kwa mshangao. Mama akamrushia senti ili atoke, kama desturi inavyotaka, na watu wazima wakacheka huku wanajifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilimchukia mzee yule chuki ya kweli. Baba hata hajafukiwa!

Wakati ule wa ugomvi wa msalaba hakusema lolote, na mimi kimya chake nilikitafsiri nilivyotaka: ni mmoja wao.

Jumamosi ikafika. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akaenda akakaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye msalaba. Nami nikakaa ubavuni pake. Watu wakajaa. Upande mmoja watu wa kanisa, rozari mikononi. Upande wa pili vijana waliosimama chini ya mwezi wao wa bati. Katikati alikuwa katibu kata, na mgambo wenye kamba na sururu. Nikaangalia mikono ya watu nikaona wengine wameshika mawe. Nilikuwa nawajua wote. Najua nani alilelewa na nani, nani kamnyonyesha mtoto wa nani. Nikamshika mama mkono, nao ulikuwa wa baridi kama umetoka mtungini.

"Mama, tafadhali tupishe," katibu kata akasema.

"Nitoe pamoja nao," mama akajibu.

Mgambo mmoja akapiga hatua mbele. Kundi la vijana likasogea. Ndipo nikasikia, kutoka upande wa barabara, sauti ya mtu anaimba wimbo wa makuli wa kupandisha magunia. Watu wakaachia njia. Nikainua macho.

Alikuwa baba. Nasema nilivyoona. Gunia lililokunjwa kama kofia ya makuli kichwani na mgongoni, bega la kushoto limeshuka, mguu wa kulia anauburuza kidogo, kama baba alivyotembea miaka yote baada ya mzigo kumwangukia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na mwendo ule. Nilifumbua kinywa nimwite. Kisha uso ukatokeza chini ya gunia, nikaona ni yule mzee Mzaramo.

"Wee Mnyamwezi!" akaliambia kaburi kwa sauti ya juu. "Umelala! Shamba la serikali, wewe umelala hapa bila kibali, tena fimbo yako umeisimika! Unadhani hapa Tabora?" Akamfikia mama. "Sogea, mke wangu. Nimekuja kuchukua changu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilimbana mkono, nikiwaza: sasa atampiga. Badala yake mama yangu, aliyesema atolewe pamoja na msalaba, aliinuka, akakung'uta mchanga kwenye gauni, akasogea.

Mzee akaukumbatia msalaba, akautikisa huku na huku kama mtu ang'oaye muhogo, ukatoka. Akajitwika begani. Akaanza kukimbia nao kuvuka uwanja, mguu anauburuza, mwendo uleule wa baba, akipiga kelele, "Nimemwibia Mnyamwezi! Mwenye uchungu anifuate!"

Mwenye uchungu nilikuwa mimi. Nilivua ndara nikamkimbilia. "Mwizi! Mwizi wa makaburi!" Nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, na kama ningemfikia ningempasua. Mama alinidaka kwa nyuma.

"Mwache. Huyo mtani."

"Mtani gani anaiba msalaba?"

"Mtani ndiye mwenye kuiba," akasema, na nilipomgeukia nikamwona anacheka. Anacheka! Mabibi wa Kizaramo, wale walioongoza kulalamika, walikuwa wanapiga vigelegele. Makuli wenzake baba walikuwa wanapigana viganja. Mzee wa kanisa alianza kufoka kwamba Mwislamu kanajisi msalaba mbele ya watu, na Mnyamwezi mmoja mtu mzima, wa kanisa hilohilo, akamwambia, "Wewe nyamaza. Hayakuhusu haya."

Katibu kata alibaki anatazama shimo. "Huu ni wizi au ni nini?" akamwuliza mkubwa wa mgambo.

"Ni utani, ndugu katibu," mgambo akajibu, naye alikuwa Mzaramo. "Hatuwezi kumshika mtu kwa utani."

Mzee alikuwa amefika barabarani. Akageuka, msalaba begani, akanyoosha kidole kwenye bomba. "Na huo mwezi, mwenye nao autoe! Mie sina utani nao!"

Macho yote yakahamia kule. Vijana waliokuwa chini ya nguzo wakaanza kutazama miguu yao. Mwishowe yule kaka wa baiskeli akapanda, akafungua waya kimyakimya, akashuka na mwezi wake kwapani, akaenda kwao. Mawe nayo yakaanza kuanguka mchangani moja moja, watu wakijifanya hawajui yametoka wapi.

Nyumbani sikula. Nilimwambia mama amekubali kuporwa mchana kweupe. Akanijibu huku anachambua mchele, "Mgambo wangeuvunja, na watu wangeuana. Sasa umechukuliwa na mtani. Nani atamwua nani?" Hasira haikunitoka. Kwangu mimi baba alibaki na tuta tu, na adui kalala nyumba ya pili na mali yake.

Kilichonishtua tena ni habari zilizoanza kutufikia. Msikitini walimwuliza mzee kwa nini ameweka msalaba uani kwake, Mwislamu mzima. Akawajibu ameuweka rehani, na rehani haina dini. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, wakaacha kumpa mkono baada ya sala. Makuti yake yakaanza kudoda. Kisha mkewe akafunga virago akaenda kwa kaka yake Mbagala. Nilisikia hilo nikiwa bombani nikasahau ndoo ikafurika. Haikuwa imenijia kabisa kwamba na yeye anaweza kupoteza kitu.

Mama alikamata kuku, jike mnene anayetaga, akamfunga miguu. "Twende tukakomboe," akasema.

Tulimkuta uani peke yake, amekaa juu ya makuti, anasuka. Nikasema shikamoo kwa midomo tu. Akaitikia marahaba kwa sauti kubwa kama vile mimi ni mjukuu wake mpendwa. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, mahali pasipovuja, umefunikwa kanga mpya kabisa ili kuku wasiuchafue. Nilitarajia kuukuta jalalani. Nilisimama nautazama, sijui niweke wapi uso wangu.

"Hodi, Mzaramo," mama akasema. "Nimekuletea kuku. Najua nyie hamfugi, mnacheza ngoma."

"Kuku huyu kabeba mizigo toka Tabora nini? Mbona kakonda?"

"Mkeo umemla?"

"Kanikimbia. Wala si kwa msalaba. Kwa hiyo kanga, ya Idi, hata hajaivaa." Wakacheka wote wawili. Kisha akasema, bado anasuka, "Pale kaburini nimempandia mshubiri. Upande wa kichwa. Hakuna katibu wa kuukataza mshubiri, na hakuna mtoto wa kuukalia."

Mama akampakata kuku vizuri. "Mshubiri? Huo si mnapandaga nyie kwenye makaburi yenu?"

"Ndiyo. Mchungu, kama yeye alivyokuwa."

Mama akamsogezea kuku. "Haya. Pokea, nichukue mti wangu nikauweke nyumbani kwangu."

Mzee akaacha kusuka. Akamtazama kuku, akatikisa kichwa. "Simtaki. Wewe sina shida na wewe. Mwenye msalaba ni mumeo. Aje mwenyewe aukomboe."

"Yuko safarini," mama akamjibu kiutani.

"Nitamngoja."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa kilichonikera siku zote. Akacheka, akacheka, mabega yanamruka, kisha kikageuka mlemle kooni na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwa mwanamume mtu mzima. Akajifunika uso kwa mikono iliyojaa vumbi la makuti. Alilia kwa nguvu, kama mtoto, bila kujificha. Ilinipambazukia hapo uani, na nilijisikia kama nimepigwa kofi: siku ya mazishi kila mmoja wetu aliruhusiwa kulia isipokuwa yeye. Alichimba, akajilaza, akatuchekesha mpaka udongo wa mwisho, akaenda kwake. Yeye na baba walikuwa wakitoka pamoja kwenda kazini kila alfajiri kwa miaka, mmoja bandarini, mmoja kutafuta makuti, wakitukanana njia nzima. Na sisi wafiwa tulipokea mikono ya mtaa mzima, wala hatukuvuka kwenda kumpa yeye mkono.

Mama akakaa chini kwenye makuti, karibu naye, kuku mapajani.

"Nyamaza, Mzaramo. Unamlowanisha kuku." Hakunyamaza. Mama akamwacha alie. Kisha akamnyooshea mkono, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Pole, shemeji," akasema. "Pole kwa msiba."

Mzee akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Nishapoa," akajibu, akiendelea kulia.